Jicho Linauma, Chanzo Kiko Wapi?

Mtu anayeumwa kichwa upande mmoja, maumivu yakiwa yamejikita nyuma ya jicho, akishuka kwenye mwendokasi pale Fire, Dar es Salaam, hakosi pa kuuliza. Akishika Barabara ya Umoja wa Mataifa anaingia Upanga, na huko iko Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, pamoja na famasia na zahanati za binafsi zilizo njiani. Akishika Mtaa wa Msimbazi yuko Kariakoo: maduka ya dawa, maabara zinazopima damu kwa dakika chache, wauza miwani, wapima presha wa kando ya barabara, vyumba vya hijama. Kila mlango una jibu lake. Wa miwani atasema macho yanataka lenzi. Maabara itatafuta malaria. Duka la dawa litasema ni sainasi. Mpima presha atataja presha, na wa hijama atasema damu imechafuka.

Ndiyo maana wagonjwa wengi hutembea na jina la ugonjwa walilopewa kwenye mlango wa kwanza walioingia, na hutembea nalo kwa miaka. Jina hilo likiwa la makosa, hasara haiishii kwenye fedha. Kuna aina ya maumivu haya inayoweza kupofusha jicho ndani ya saa chache, na kuna aina inayotesa miaka ishirini bila kuua wala kupofusha, na zote mbili mgonjwa huzieleza kwa maneno yaleyale: kichwa nusu, na jicho. Kinachozitenganisha ni mambo manne yasiyohitaji mashine. Maumivu yalianzaje? Yanadumu kwa muda gani? Jicho lenyewe linaonekanaje, na linaonaje? Na mgonjwa anafanya nini yanapomshika? Haya anayajua mwenyewe kuliko mtu yeyote, ila mara nyingi haulizwi.

Kwanza ieleweke kwa nini jicho huingizwa kwenye ugomvi usio wake. Kila upande wa uso unahudumiwa na mshipa wa fahamu wa tano. Tawi lake la juu linafika kwenye jicho, paji la uso na sehemu ya juu ya pua, na pia kwenye utando unaoufunika ubongo pamoja na mishipa ya damu ya humo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Utando na mishipa hiyo ndiyo inayosikia. Tawi la pili linachukua shavu, sainasi na meno ya juu. Kituo kinachopokea habari hizi zote, ndani ya shina la ubongo, kinashuka hadi kukutana na mishipa ya fahamu ya shingo. Ni kama nyumba nne zinazotumia mita moja ya LUKU: uniti zikiisha, mita haisemi nani aliyeacha pasi inawaka. Hivyo jino bovu, shingo iliyokaza au utando wa ubongo unaweza kulalamika kupitia jicho lisilo na ugonjwa wowote.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama jicho lenyewe ndilo linaloumwa. Kulijibu kunaanzia nyumbani. Simama mbele ya kitu chenye maandishi, hata kalenda ya ukutani, ziba jicho moja kisha jingine. Jicho linalouma likiona ukungu, au rangi nyekundu ikionekana imefifia kwa jicho hilo, daktari wa macho anahitajika siku hiyohiyo. Kisha mwambie mtu akuangalie. Jicho ni jeupe au jekundu? Mboni zote mbili zina ukubwa sawa? Kope la juu limeshuka? Kama simu ina kamera, piga picha ya uso wakati maumivu yamepamba moto, maana kesho asubuhi mbele ya daktari kila kitu kinaweza kuwa kimerudi sawa.

Kati ya magonjwa ya jicho lenyewe, linalotisha zaidi ni presha ya macho ya ghafla. Ndani ya jicho hutengenezwa maji kila wakati, nayo hutoka kupitia pembe nyembamba iliyo kati ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na ile duara yenye rangi. Kwa baadhi ya watu pembe hiyo ni finyu tangu kuzaliwa, na siku moja hujifunga. Maji hayatoki, jicho linajaa na kuwa gumu, linakuwa jekundu, mboni inapanuka kidogo na kukataa kunywea ukiimulika, na mgonjwa anaona duara za rangi kuzunguka taa. Kichwa kinauma upande huo kwa ukali wa kumfanya mtu atapike, na kwa sababu ya kutapika wapo wanaotibiwa tumbo huku jicho likipotea. Hali hiyo inaweza kuchochewa na kukaa kwenye giza, na hata na dawa: baadhi ya dawa za mafua na mzio, matone ya kupanua mboni, na amitriptilini, ambayo hutolewa kuzuia maumivu ya kichwa. Tiba ipo, ya matone, vidonge vya kupunguza maji ya jicho na leza, lakini kila saa inayopita inakula mshipa wa fahamu wa jicho.

Hata hivyo presha hii ya ghafla siyo sura ya kawaida ya ugonjwa huo kwetu. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Wapatao 4 kati ya kila 100 walikuwa na presha ya macho, na takriban robo tatu ya hao walikuwa na ile inayokuja polepole bila maumivu yoyote. Wenye pembe iliyoziba hawakufika hata 1 kati ya kila 100 waliopimwa. Kwa hiyo mtu mwenye umri huo aliyeumwa jicho na kuambiwa siyo presha ya macho asidhani suala limefungwa. Akishafika kwa daktari wa macho, aombe apimwe shinikizo la macho yote mawili na aangaliwe mshipa wa nyuma, kwa sababu inayopofusha wengi haiumi.

Sababu nyingine za jicho lenyewe zinaonekana wazi ukitembea kutoka Kariakoo kuelekea Gerezani. Kwenye karakana za vyuma, fundi anashika grainda, cheche zinaruka, na miwani ya kujikinga ama imening'inia shingoni ama haipo kabisa. Chembe moja ya chuma ikitua kwenye konea, maumivu yake hupanda hadi nusu ya kichwa, jicho linatoa machozi na kukataa mwanga. Mwenzake atajaribu kuitoa kwa ncha ya leso au njiti ya kiberiti. Mwanga wa kuchomelea nao huunguza, lakini huo huja usiku, saa kadhaa baada ya kazi, na kwa kawaida macho yote mawili huchoma kama yamemwagiwa mchanga. Jicho moja likiuma peke yake, fikiria chembe kwanza. Konea iliyochubuka ikiingiwa na vijidudu hugeuka kidonda, na kidonda huacha kovu jeupe linaloziba kuona. Mwaka 1994 madaktari David Yorston na Allen Foster walichapisha utafiti wao wa vidonda vya konea nchini Tanzania: karibu robo ya wagonjwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho kabla ya kufika hospitali. Na duka la kisasa nalo lina hatari yake. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, hupunguza wekundu haraka na kumfurahisha mnunuzi, huku yakikiachia kidonda kiendelee kuchimba na, yakitumiwa muda mrefu, yakipandisha shinikizo la jicho. Matone ya aina hiyo yasitiwe kwenye jicho ambalo halijamulikwa na mtaalamu.

Januari 2024 Dar es Salaam ilipata mlipuko wa macho mekundu, ule ambao mitaani uliitwa "red eyes". Ulikuwa wa virusi, uliwasha na kutoa tongotongo, na walio wengi walipona kwa kunawa na kusubiri. Tabia ya kusubiri imebaki. Lakini jicho jekundu la upande mmoja, lenye maumivu ya kina na lisilopenda mwanga, linaweza kuwa na uvimbe wa ndani ambao nyuma yake kuna kifua kikuu, kaswende au VVU. Hilo halipoi kwa kusubiri.

Kisha kuna mkanda wa jeshi, ambao hupotosha watu kwa sababu maumivu hutangulia vipele. Kwa siku mbili, tatu au zaidi ngozi ya paji la uso upande mmoja huchoma, hata kitana kikigusa nywele mtu anaruka, na jicho linauma. Ndipo malengelenge hutokea, na huwa hayavuki mstari wa katikati ya uso. Kipele kikionekana kwenye ncha ya pua, uwezekano wa jicho kushambuliwa ni mkubwa. Asikloviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Na kwa kijana, mkanda wa jeshi usoni ni sababu tosha ya kupima VVU bila kuona haya.

Tuje sasa kwenye jicho jeupe, linaloona vizuri, ambalo linauma tu. Hapa ndipo walipo wagonjwa wengi, na hapa kipandauso, ambacho wengi siku hizi hukiita maigreni, ndicho kinachoongoza. Kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa Wazungu na wenye nafasi. Profesa William Matuja wa Muhimbili alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwa takwimu kwamba sivyo. Mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa maumivu ya kichwa miongoni mwa watu wa Dar es Salaam ambao hawakuwa wagonjwa wa kliniki. Baadaye timu iliyoongozwa na Andrea Winkler ilipita nyumba kwa nyumba katika eneo la Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa nchi, ikahoji watu zaidi ya 7,000, na kukuta kipandauso kwa takriban 4 kati ya kila 100. Hao ni wakulima na wafugaji wa vijijini. Duniani kote, makadirio ya mzigo wa magonjwa ya mwaka 2019 yaliweka kipandauso nafasi ya pili kati ya yale yanayowanyima watu siku za kuishi wakiwa wazima, na nafasi ya kwanza kwa wanawake vijana.

Dalili zake zikisikilizwa kwa utulivu haziwezi kusahaulika. Maumivu yanadumu kuanzia saa 4 hadi siku 3. Kichwa kinapwita, mara nyingi upande mmoja, na safari nyingine upande wa pili. Mgonjwa anataka chumba chenye giza, anafunga dirisha, anakataa redio, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inamtibua tumbo, na kupanda ngazi za ghorofa mbili kunamzidishia. Analala. Baadhi huona kwanza mistari inayometameta au kiza kinachotambaa kwenye macho yote mawili kwa dakika tano hadi saa moja kabla kichwa hakijaanza. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, mara mbili hadi tatu, na wengi wao huona mpangilio: siku moja au mbili kabla ya hedhi, au mwanzoni mwake. Mama anayeona mistari ile ya kumetameta anapaswa kumwambia mtoa huduma ya uzazi wa mpango, kwa sababu Shirika la Afya Duniani halishauri vidonge vya majira vyenye homoni mbili kwa mtu wa aina hiyo. Vinaongeza hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine salama kwake.

Kinachochochea kipandauso hakina siri huku Kariakoo. Kuruka mlo kwa sababu wateja ni wengi, kukosa maji ya kunywa mchana wa Februari, moshi wa jenereta, udi na marashi makali, usingizi uliokatika. Ramadhani nayo ina sehemu yake. Siku za mwanzo za mfungo, kichwa huuma kwa wengi, hasa waliozoea vikombe vya kahawa chungu tangu alfajiri, kwa kuwa mwili unaidai kafeini yake, na mwenye kipandauso hupata mashambulizi zaidi. Kupunguza kahawa taratibu wiki ya mwisho ya Shaabani na kutokosa daku husaidia sana, na mgonjwa wa kudumu azungumze na daktari wake mapema kuhusu dawa ya kinga inayoweza kunywewa mara moja wakati wa futari.

Jina linaloupora ugonjwa huu nafasi yake ni sainasi. Pua ikiziba na jicho likilenga machozi, kila mtu husema sainasi, na antibayotiki hununuliwa. Ukweli ni kwamba mshipa wa tano unapowashwa na kipandauso huweza kuvimbisha pua na kutoa machozi bila kijidudu chochote. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2004 uliwachukua watu 2,991 waliojitambulisha kuwa na maumivu ya kichwa ya sainasi. 88 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za kipandauso. Sainasi ya kweli ina kamasi nzito ya njano au kijani, homa mara nyingine, pua isiyonusa, na maumivu yanayokaa siku hadi siku hadi ugonjwa uishe. Haiji kila mwezi na kuondoka yenyewe baada ya siku moja.

Na majibu mengine ya milango ile? Malaria haichagui upande wa kichwa. Presha ya damu iliyopanda kiasi haileti maumivu. Inayoleta ni ile iliyovuka 180 kwa 120, na hata vipimo vinavyosomeka juu wakati mtu anaumwa mara nyingi vimepandishwa na maumivu yenyewe. Kuhitaji miwani huchosha macho yote mawili mwisho wa siku ya kushona au kutengeneza simu, na hakumwamshi mtu usiku. Lakini dengue isisahauliwe, kwa sababu Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014 na tena 2019: homa kali na maumivu nyuma ya macho, kwa kawaida yote mawili. Anayeshukiwa kuwa nayo asimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa hofu ya kuvuja damu.

Ugonjwa mwingine wa jicho jeupe au lenye wekundu kidogo ni adimu zaidi, lakini mateso yake hayalinganishwi. Madaktari huuita klasta. Wanaoupata wengi ni wanaume. Maumivu hutua ndani na nyuma ya jicho moja, upande uleule, kwa dakika 15 hadi saa tatu, hata mara nane kwa siku, na mara nyingi huja saa ileile ya usiku kwa wiki au miezi, kisha hupotea mwaka mzima. Jicho linatiririka machozi, tundu la pua la upande huo linaziba au kuvuja, kope linashuka. Na mgonjwa halali. Anazunguka chumba, anatoka barazani, anajigonga ukutani. Ukimwona mtu mmoja anatafuta giza na mwingine hawezi kukaa, umeshapata nusu ya jibu kabla ya kipimo chochote. Nicolaes Tulp, daktari wa Amsterdam, aliandika kuhusu mgonjwa anayefanana na huyu mwaka 1641. Ndugu wa klasta, wenye mashambulizi mafupi ya dakika mbili hadi nusu saa na mengi zaidi kwa siku, hukoma kabisa kwa indometasini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kutulia huko ndiko kunakothibitisha ugonjwa.

Shingo nayo. Mpagazi anayebeba marobota ya mitumba kichwani kutoka kwenye gari hadi ghala, au fundi simu aliyeinama juu ya hadubini Mtaa wa Aggrey tangu asubuhi, anaweza kupata maumivu yanayoanzia kisogoni na kuishia kwenye jicho, upande mmoja usiobadilika, yakizidi anapogeuza kichwa. Mazoezi ya shingo na kubadili mkao humsaidia kuliko vidonge. Ila nina ombi kwa vinyozi. Wapo wanaomaliza kazi kwa kumkanda mteja kisha kuizungusha shingo kwa nguvu hadi ilie. Mshipa mkubwa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika ukuta wake wa ndani kwa mzunguko wa namna hiyo. Dalili yake ni maumivu mapya ya shingo na kuzunguka jicho, kope lililoshuka kidogo na mboni iliyonywea upande huohuo, na kinachofuata baada ya saa au siku kadhaa kinaweza kuwa kiharusi kwa kijana wa miaka thelathini. Kukanda kunatosha.

Kope lililoshuka pamoja na mboni iliyopanuka ni habari nyingine, na ni ya dharura kabisa: mshipa wa damu ndani ya kichwa unaweza kuwa umevimba kama puto na unaukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho. Vivyo hivyo maumivu yanayofikia kilele chake ndani ya dakika moja, mabaya kuliko yote mtu aliyowahi kuyapata. Mama aliyejifungua wiki chache zilizopita akianza maumivu mapya ya kichwa yanayozidi kila siku, damu inaweza kuwa imeganda kwenye mishipa ya ubongo. Jipu la pua au la mdomo wa juu lililokamuliwa, kisha jicho likavimba na kusukumwa nje, pamoja na homa, ni maambukizi yanayoelekea ndani. Kwa mtu aliyepita miaka 50, maumivu mapya ya kichwa ya upande mmoja, utosi unaouma ukiguswa na taya linalochoka anapotafuna huashiria uvimbe wa mishipa ya damu ya panja. Unaonekana zaidi Ulaya ya Kaskazini kuliko kwetu, lakini ukipuuzwa jicho hufa kwa usiku mmoja. Wote hawa waende moja kwa moja idara ya dharura. Ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na jengo la Taasisi ya Mifupa (MOI), inayotibu pia ubongo, liko ndani ya eneo hilohilo.

Mtu anayeishi na VVU ahesabiwe peke yake. Maumivu ya kichwa yanayozidi kwa wiki mbili, hata bila homa kali, yanaweza kuwa ya fangasi kwenye utando wa ubongo. Utafiti ulioongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), uliofanywa Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015, uliwapima damu, kutafuta fangasi huyo, watu waliokuwa wakianza dawa za VVU wakiwa na kinga ya chini, na kuwatembelea nyumbani wiki za mwanzo. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kipimo hicho ni cha kitone cha damu. Anayetumia dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri asimeze kamwe ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, kwa kuwa zikikutana mishipa ya mikono na miguu hujifunga hadi kuoza.

Hapo tunafika kwenye kaunta ya duka la dawa, ambako tatizo jipya hutengenezwa kwa nia njema. "Dada, nipe vile vyangu viwili." Havihitaji hata kutajwa, muuzaji anavijua. Leo viwili, keshokutwa viwili. Mwenye kipandauso akimeza parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini au kodeini siku 10, kwa miezi mitatu, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa yenyewe. Kinauma karibu kila siku, tangu anapoamka, na kidonge kinatuliza kwa saa chache tu. Njia ya kutoka ni kuziacha, na wiki ya kwanza au ya pili hali huwa mbaya zaidi kabla ya kupata nafuu. Bila kuelezwa hivyo mapema, mgonjwa hurudi kaunta siku ya tatu. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, hupewa mafunzo kabla ya kusajiliwa. Swali moja lingeingizwa kwenye mafunzo hayo, "Mwezi huu umemeza siku ngapi?", lingeokoa figo na matumbo mengi.

Hijama nayo isidharauliwe wala isifichwe. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume alipigwa chuku kichwani kwa maumivu ya nusu ya kichwa, na wazee wa pwani wameumikwa kwa pembe kwa vizazi. Anayetaka afanyiwe, wembe uwe mpya mbele ya macho yake, maana VVU na homa ya ini B havina heshima kwa tiba ya mtu. Lakini jicho likiwa jekundu, halioni vizuri au kope limeshuka, hospitali iwe ya kwanza.

Tiba za kipandauso siyo za anasa. Aspirini au ibuprofeni ya dozi kamili, ikinywewa mapema pamoja na dawa ya kichefuchefu, huzima mashambulizi mengi kwa asiye na vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito. Anayeshikwa mara nne au zaidi kwa mwezi anastahili kinga ya kila siku, na propranololi, ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya bei ndogo. Asiipate mwenye pumu. Klasta ndiyo inayosahauliwa. Mwaka 2009 watafiti wa London walichapisha jaribio ambalo wagonjwa walivuta oksijeni safi kwa barakoa, lita 12 kwa dakika, kwa dakika 15. Mashambulizi 78 kati ya kila 100 yalitulia, dhidi ya 20 kwa waliovuta hewa ya kawaida. Tangu UVIKO-19, mitambo ya kuzalisha oksijeni imesimikwa katika hospitali nyingi nchini. Mtu anayeingia dharura saa nane usiku akizungukazunguka, jicho moja likitiririka machozi, awekewe barakoa hiyo kwanza, na kipimo cha malaria kifuate baada ya robo saa.